Kuandaa Udongo wa Kupandia Nyanya Kwenye Vyombo

Wengi wanaoanza kupanda nyanya kwenye ndoo huchota udongo mweusi wa shambani, wakaujaza hadi juu na kupanda siku hiyo hiyo, kisha hushangaa mche unapodumaa ilhali udongo ule ule shambani huzaa vizuri. Shambani, minyoo na mizizi ya mimea mingine hufungua njia za maji na hewa. Ndani ya chombo udongo hushikana kila unapomwagiliwa, hadi mizizi ikakosa pumzi. Kwa hiyo katika mchanganyiko huu hewa hutangulia, rutuba hufuata.

Hatua ya 1: Chombo
Kwa mche mmoja tumia chombo cha lita 20, ukitoboe kitakoni matundu matano au zaidi yenye upana wa kidole kidogo. Usitandaze kokoto chini kwa kudhani zitaharakisha maji kutoka, kwani maji hukwama pale udongo laini unapokutana na kokoto, na mizizi hupoteza nafasi. Kipande cha chandarua juu ya matundu kinatosha.

Hatua ya 2: Udongo
Chota udongo wa tifutifu mahali ambapo hapajapandwa nyanya, biringanya, pilipili wala viazi mviringo kwa miaka ya karibuni, kwa sababu bakteria wa mnyauko huweza kuishi ardhini kwa miaka. Ulowanishe kidogo, ufumbate kiganjani, kisha ulisukume donge kwa kidole gumba. Likimeguka taratibu, udongo unafaa. Likibonyea tu kama la mfinyanzi, ongeza mchanga mnene wakati wa kuchanganya.

Hatua ya 3: Mboji au samadi
Hapa ndipo haraka hugharimu. Niliwahi kutumia samadi ya kuku iliyokaa wiki tatu tu, na baada ya siku chache kingo za majani zikakauka kama karatasi iliyopitiwa na moto. Tumbukiza mkono katikati ya lundo: ukihisi joto au harufu kali, bado haijaiva. Iliyoiva ni nyeusi, hunukia kama udongo baada ya mvua, na huwezi tena kutambua ilitokana na nini.

Hatua ya 4: Kuchanganya
Pima kwa ujazo, si kwa uzito: udongo sehemu 2, mboji sehemu 1, na pumba za mpunga zilizochomwa hadi kuwa nyeusi, bila kugeuka majivu, sehemu 1. Ukitumia makumbi ya nazi yaliyosagwa badala ya pumba, yaoshe kwanza ili kuondoa chumvi. Chekecha mboji, lakini usiuchekeche udongo ukawa kama unga, maana vile vidonge vidogo kama punje za maharage ndivyo vinavyotunza hewa. Geuza kwa koleo mara tatu huku ukinyunyiza maji.

Nyanya hupenda pH (kipimo cha uchachu wa udongo) ya 6.0 hadi 6.8, hivyo usiongeze chokaa kabla ya kupima. Majivu nayo hupandisha pH. Konzi moja kwa ndoo yatosha, nayo si ya lazima.

Hatua ya 5: Kuupumzisha
Funika mchanganyiko kwa turubai kivulini kwa wiki mbili, ukiwa na unyevunyevu. Ukishuku minyoo fundo, yaani vijiminyoo vya ardhini vinavyovimbisha mizizi, tanguliza kuuanika udongo wenyewe: utandaze ukiwa na unyevu chini ya nailoni angavu, juani, kwa wiki 4 hadi 6. Nailoni nyeusi haifai sana, kwani huzuia mwanga kuufikia udongo.

Hatua ya 6: Kujaribu
Jaza chombo bila kushindilia, ukiacha sentimita 4 juu, kisha mwagilia. Maji yakituama juu kwa dakika kadhaa, mwaga vyote na uongeze pumba. Yakipita vizuri, panda mche ukiwa umezikwa hadi karibu na majani ya kwanza, kwa kuwa shina la nyanya lililofukiwa huota mizizi.