Namna ya Kueleza Spishi Mpya ya Buibui Mrukaji

Familia ya buibui warukaji, Salticidae, ina zaidi ya spishi 6,000 zenye majina na ndiyo kubwa kuliko zote miongoni mwa buibui. Kwa hiyo anayemwokota buibui asiyemfahamu katika miombo ya Uvinza, mkoani Kigoma, asiharakishe kutangaza ugunduzi, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ni kuthibitisha kwamba hakuna aliyemtangulia.

Hatua ya kwanza, baada ya kupata kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, ni kukusanya. Fungua mwavuli wa rangi nyeupe, uupindue chini ya tawi, ulipige tawi kwa fimbo, kisha wafunike kwa kichupa wale walioanguka kabla hawajaruka. Mpige picha kila mmoja angali hai, kwa maana rangi za uso na za miguu ya mbele ya dume hufifia ndani ya spiriti. Ukipata dume ambaye pedipalpi zake, yaani vile viungo vifupi vilivyo kando ya mdomo, zimevimba lakini bado ni laini, usimuue. Mlishe inzi wadogo na umpe tone la maji mpaka ajivue ngozi kwa mara ya mwisho, kwani buibui asiyekomaa hawezi kuwa msingi wa spishi.

Hatua ya pili ni kuhifadhi. Ethanoli ya asilimia 70 hadi 80 inatosha kwa mwili, ila mguu mmoja uwekwe katika ethanoli ya asilimia 95 au zaidi kwa ajili ya DNA. Lebo iandikwe kwa penseli na ikae ndani ya kichupa. Mimi niliwahi kutumia kalamu ya wino wa kawaida, na msimu mzima wa kazi ukageuka maji ya bluu. Kuandika “Kigoma” peke yake hakusaidii, kwa sababu ufuko wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari ilhali kilele cha Nkungwe kule Mahale kinafika mita 2,462. Andika viwianishi, mwinuko, tarehe, aina ya uoto na jina la mkusanyaji.

Hatua ya tatu hufanyika chini ya hadubini, na hapo ndipo penye uamuzi. Rangi na ukubwa hudanganya. Kinachotenganisha spishi ni viungo vya uzazi. Kwa dume, chora pedipalpi ya kushoto kwa chini na kwa ubavuni, ukionyesha umbo la balbu (sehemu iliyovimba mwishoni), urefu na mpindo wa emboli (kijimrija kinachopitisha mbegu), pamoja na mwiba wa tibia, pingili iliyo nyuma ya ncha hiyo. Kwa jike, kata epijini, yaani kibamba cha uzazi kilicho chini ya tumbo, uiloweke katika myeyusho wa haidroksaidi ya potasiamu mpaka nyama iyeyuke, ndipo mifereji na vifuko vya kuhifadhia mbegu vionekane. Nakushauri uanze kwa mchoro kabla ya picha, maana mkono unaochora hulilazimisha jicho kuona.

Kisha linganisha. World Spider Catalog, inayopatikana bure mtandaoni, huorodhesha kila spishi pamoja na machapisho yake. Baadhi ya spishi za Afrika zimeelezwa kwa dume pekee au jike pekee, hivyo “spishi mpya” yako huenda ikawa mke wa dume aliyepewa jina zamani. Michoro isipotosha, omba kuazima vielelezo vya asili kutoka makumbusho.

Mwisho ni kuandika na kutoa jina. Kanuni za kimataifa zinataka, kwa majina yaliyochapishwa baada ya 1999, utamke wazi kwamba spishi ni mpya, uteue holotaipu moja, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi, na utaje makumbusho itakakotunzwa. Jina liwe kwa herufi za Kilatini, mathalani lenye kiambishi -ensis cha mahali, na lisiwe limetumika katika jenasi hiyo. Jarida likitoka kielektroniki pekee, makala isajiliwe kwanza ZooBank, rejista rasmi ya mtandaoni ya majina ya wanyama, na uthibitisho wa usajili huo uonekane ndani ya makala yenyewe.