Kuchora mtandao wa kikundi chako kwa daftari na karatasi ya manila

Tangazo limetumwa kwamba kikao kimehamia Alhamisi, na bado watu sita wamefika Jumatano. Mara nyingi kosa haliko kwenye tangazo, liko kwenye njia lilizopita. Njia hizo, yaani mtandao wa nani anaongea na nani, zinachoreka: kila mtu ni alama moja, na mstari huunganisha watu wawili. Kwa kikoba, kwaya au timu ya watu 20 hadi 40 unahitaji daftari, karatasi mbili za manila, penseli, kifutio, peni za rangi mbili na vifuniko vya soda, kimoja kwa kila mtu. Kazi ya kuuliza huchukua muda mrefu kuliko ya kuchora: dakika tano kwa kila mtu, kwa watu 30 ni saa mbili na nusu.

Amua kwanza mstari una maana gani

Hapa ndipo michoro mingi inapoharibika. Ukiuliza "Rafiki zako ni nani?" utatajiwa watu wa heshima: mwenyekiti, mwalimu, mchungaji, shehe. Uliza juu ya tendo, tena lenye muda: "Wiki iliyopita uliongea na nani wa humu, nje ya kikao?" Au: "Mtoto akiugua saa nane usiku, utampigia nani wa humu?" Maswali hayo mawili huzaa mitandao miwili tofauti, kila mmoja uwe na karatasi yake. Anayekukopesha elfu kumi si lazima awe ndiye anayekuletea habari.

Muulize kila mtu peke yake. Mbele ya wenzake hakuna atakayethubutu kumwacha jirani aliyekaa naye benchi moja. Usiweke kikomo cha majina matatu, maana mwenye watu tisa atatoka na watatu na mchoro utakudanganya. Akinyamaza, muulize "Nani mwingine?", kisha msomee orodha ya wanachama wote. Watu husahau hasa wale wanaowaona kila siku.

Daftarini andika namba badala ya majina, kwa safu mbili: anayetaja na anayetajwa. Orodha inayooanisha namba na majina ibaki kwako, na manila isitundikwe ukutani. Mchoro wa nani hamtaji nani unaweza kuvunja kikundi kuliko deni.

Je, mmoja akimtaja mwenzake na mwenzake asimtaje? Kwa habari, chora mstari hata kama aliyetaja ni mmoja, kwa kuwa maongezi huenda pande zote mbili. Kwa mkopo, weka mshale.

Kuchora

Andika namba juu ya vifuniko, uvitandaze kwenye manila, uvisogeze mpaka wanaotajana wakae karibu na mistari isipitane ovyo. Ndipo uchore kwa penseli. Anayeanza moja kwa moja na peni hurudia karatasi nzima.

Tuchukue mfano wa watu tisa, kwa majina ya kubuni ili ufuate kirahisi. Asha ameunganika na Bakari, Chausiku, Daudi na Neema. Bakari pia yuko na Chausiku na Neema. Selemani yuko na Chausiku, Daudi na Fatuma. Fatuma yuko na Gaudensia na Hamisi, nao hao wawili wanaongea. Mistari ni 12. Hesabu mistari ya kila mtu, ujumlishe: lazima upate mara mbili ya mistari yote, hapa 24. Isipofika, kuna mstari umeurusha.

Asha ana minne, ndiye anayeongoza. Wengi wangeishia hapo na kumpa Asha kazi ya kupeleka habari. Sasa mfunike Asha kwa kidole. Wanane waliobaki bado wanafikiana: Neema kupitia Bakari, Bakari kupitia Chausiku, Chausiku kupitia Selemani. Mfunike Selemani mwenye mistari mitatu tu. Mchoro unakatika vipande viwili, watano huku na watatu kule, na jozi 15 za watu (5 × 3) hazina tena njia. Ukimfunika Fatuma, Gaudensia na Hamisi wanatengwa na sita waliobaki: jozi 12. Selemani na Fatuma ndio madaraja, na siku Selemani akisafiri ndiyo siku watu watatu wanakuja Jumatano.

Fanya jaribio hilo la kidole kwa kila mtu, na matokeo uyaandike kwa rangi ya pili. Ukizidi watu 60 vidole havitoshi. Ingiza zile safu mbili kwenye Gephi, programu ya bure ya kompyuta.

Njia ya mkato

Kama huna muda wa kuuliza wote, chagua watu watano kwa kura, umwombe kila mmoja ataje mtu mmoja anayeongea naye, ukawatumie hao waliotajwa kupeleka habari. Mwenye mistari mingi hutajwa na wengi. Mwanasosholojia Scott Feld alionyesha mwaka 1991 kwamba kwa wastani marafiki zako wana marafiki wengi kuliko wewe. Katika majaribio ya vijiji 32 vya Honduras, yaliyochapishwa mwaka 2015, kuanzia na marafiki waliotajwa kuliongeza matumizi ya vidonge vya vitamini kuliko kuanzia na watu wa kura. Kuanzia na wale wenye miunganiko mingi kabisa hakukuongeza kitu.

Mambo mawili ambayo mchoro hausemi

La kwanza, mistari miwili inaweza kuwa mmoja. Mei 12, 2024, intaneti ilidorora Tanzania, Kenya na nchi jirani baada ya mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, kukatika kusini, upande wa Afrika Kusini. Kwenye karatasi ilikuwa mikongo miwili. Chini ya bahari ilipita eneo moja. Kwa hiyo uliza pia habari inapita kwa chombo gani. Kama Chausiku na Daudi wote humpata Selemani kwenye simu yake moja isiyokaa na chaji, usihesabu njia mbili.

La pili, habari nyingine hazipiti kwenye mstari wowote. Mnyoo C. elegans, wa urefu wa milimita moja, ana seli za neva 302, na ramani ya miunganiko yake ilichapishwa mwaka 1986. Mpaka leo ramani hiyo peke yake haitoshi kutabiri mnyoo atafanya nini, kwa sababu baadhi ya kemikali za neva husambaa mwilini bila kupitia kiungo cha seli kwa seli. Kikundini kemikali hiyo ni kipaza sauti cha msikiti, mahubiri ya Jumapili, status ya WhatsApp. Yaandike pembeni mwa manila, pamoja na nani hayamfikii.

Kurekebisha

Usiongeze mistari ovyo. Ongeza mmoja, urudie jaribio la kidole. Katika mfano wetu, ukimuunganisha Daudi na Fatuma, Selemani anaweza kusafiri salama, lakini Fatuma akiugua Gaudensia na Hamisi wanabaki peke yao. Ukimuunganisha Bakari na Hamisi, matatizo yote mawili yanaisha kwa mstari mmoja. Mstari huo hauzaliwi kwa kuwatambulisha kikaoni. Wape zamu moja ya kukusanya hisa, wiki nane mfululizo, kisha uwaulize tena lile swali la kwanza, kila mmoja peke yake.