Somo: Njia za homoni za uzazi wa mpango kwa mwanamke anayekaribia kukoma hedhi

Mwari akivunja ungo, somo wake humkalisha chini akamfunda: kitatokea nini, ajisitiri vipi, akiumwa afanyeje. Mwanamke wa miaka 46 ambaye siku zake zimeanza kupishana hana wa kumfunda. Huambiwa "ndio utu uzima huo", akaachwa alowe jasho usiku na kufua damu mchana. Somo hili ni lake. Limeandikwa kwa kina mama wa Tanga mjini na vitongoji vyake.

Kwanza tuelewe kinachotokea. Wengi hudhani homoni za kike, yaani estrojeni na projesteroni, zimekwisha. Katika miaka hii bado zipo, ila zinayumba. Mwezi huu estrojeni inapanda sana, mwezi ujao inaporomoka. Yai lisipopevuka, projesteroni haitoki, hivyo ukuta wa kizazi unajengeka mnene, na siku ukibomoka damu inakuja nyingi, na mabonge. Estrojeni inapoporomoka ndipo joto linapopanda, usingizi unakatika na hasira zinakuja bila sababu. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili huituliza ovari na kuupa mwili kiasi kilekile kila siku. Kuyumba kukipungua, joto hupungua na damu huja kwa ratiba. Juu ya hayo vinazuia mimba, na mimba bado ipo: mwenye miaka 47 anayeona siku zake mara moja kwa miezi mitatu anaweza kushika.

Hatua ya 1: Hakikisha ndicho chenyewe

Tanga ya Januari na Februari, kaskazi ikivuma, hulowesha kila mtu. Joto la kuelekea kukoma hedhi lina namna yake: linaanzia kifuani, linapanda shingoni na usoni, linadumu dakika chache, kisha jasho, kisha baridi. Huja hata saa kumi alfajiri, feni inazunguka.

Hedhi ikikosekana, pima mimba kwa mkojo kabla ya kufikiria lolote. Jasho la usiku likiandamana na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa au kukonda, kapime kifua kikuu. Pima pia VVU kama hujui hali yako. Moyo ukienda mbio, mikono ikitetemeka na uzito ukishuka, tezi ya shingo (thairoidi) ichunguzwe. Ukiwa na zaidi ya miaka 45 na dalili ni hizo za kawaida, huhitaji kipimo cha damu cha homoni kuthibitisha. Homoni zinazoyumba zitatoa jibu moja Jumatatu na jingine Ijumaa, na fedha yako imekwenda.

Damu isiyoeleweka huchunguzwa kabla ya kufunikwa na dawa. Damu baada ya tendo la ndoa, damu katikati ya mwezi, damu iliyorudi baada ya miezi 12 ya ukavu: hizo ni za kupelekwa kwa daktari. Uchunguzi wa mlango wa kizazi ufanywe hapo hapo kama muda umepita.

Hatua ya 2: Pima presha, na uipime sawasawa

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kidonge cha homoni mbili hununuliwa dukani bila mtu kuuliza presha, na mnunuzi ana miaka 48. Kituo cha afya cha umma hutoa huduma za uzazi wa mpango bila malipo na mashine ya presha ipo, anzia huko.

Kaa dakika tano bila kuzungumza, mgongo umeegemea, miguu haijapishana, mkono umelazwa usawa wa moyo. Usiwe umetoka kunywa kahawa wala kupanda ngazi. Pima mara mbili, na ikiwa juu rudi siku nyingine. 140/90 au zaidi, kidonge cha homoni mbili kiwekwe pembeni. 160/100 ni katazo kabisa, na hiyo presha yenyewe itibiwe mara moja. Sababu ni kwamba estrojeni ya kidonge huzidisha uwezekano wa damu kuganda, na mishipa yenye presha haivumilii nyongeza hiyo. Kiharusi ndicho tunachokikimbia.

Hatua ya 3: Makatazo mengine ya kidonge cha homoni mbili

Usikitumie ukiwa unavuta sigara na umepita miaka 35. Ukiwa umewahi kupata damu kuganda mguuni au mapafuni, kiharusi au ugonjwa wa moyo. Ukiwa na saratani ya titi au umewahi kuugua. Ukiwa na ugonjwa mkali wa ini. Ukiwa na kisukari kilichogusa figo, macho au mishipa. Kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli, mistari ya kumetameta au ganzi ya upande mmoja ni katazo lisilo na mjadala. Kwa umri huu, hata kipandauso kisicho na vimulimuli ni sababu ya kuchagua njia nyingine. Mambo mawili madogo yakikutana, mathalani unene mkubwa na kisukari, yahesabu kama kubwa moja. Mwenye selimundu naye aanze na njia zisizo na estrojeni.

Taja dawa zote unazomeza. Rifampisini ya kifua kikuu, na dawa za kifafa kama karbamazepini, fenitoini na fenobabitoni, huifanya ini ivunje homoni haraka. Kidonge kinabaki jina tu.

Hatua ya 4: Njia ipi kwa dalili ipi

Ukiwa chini ya miaka 50, presha nzuri, huna katazo, na unasumbuliwa na joto pamoja na hedhi mbovu: kidonge cha homoni mbili ndicho kinachogusa yote kwa pamoja. Pakiti ya kawaida ina vidonge 21 vyenye mikrogramu 30 za ethinilestradio (ndiyo estrojeni yake) na 150 za levonogestreli (iliyo mfano wa projesteroni), na 7 vya madini ya chuma. Ni mchanganyiko unaofaa umri huu. Usitafute wenye estrojeni nyingi zaidi ukidhani utafanya kazi upesi.

Tatizo likiwa damu nyingi, au estrojeni imekatazwa, kitanzi chenye homoni (miligramu 52 za levonogestreli) kinashinda vyote. Hupunguza damu sana, wengine ikakatika kabisa. Miezi mitatu hadi sita ya mwanzo huleta matone yasiyo na mpango, na asiyeambiwa hukimbilia kukitoa. Si kila kituo kinacho. Ulizia kabla ya kupanda daladala. Usikichanganye na kitanzi cha shaba, ambacho huweza kuongeza damu.

Kijiti na vidonge vya homoni moja huzuia mimba vizuri kwa mwenye presha iliyodhibitiwa, ila damu yake haitabiriki, na tusimdanganye mtu kuhusu joto: havina estrojeni, havitibu joto wala ukavu ukeni. Sindano ya miezi mitatu hupunguza damu, lakini hupunguza pia uimara wa mifupa katika umri ambao mifupa tayari inaanza kupoteza.

Hatua ya 5: Kumeza, na ile wiki ya madini ya chuma

Anza ndani ya siku tano za kwanza za hedhi. Kinga inaanza siku hiyo hiyo. Ukianza siku nyingine, baada ya kuhakikisha huna mimba, tumia kondomu siku 7. Meza saa ileile, baada ya chakula cha usiku ili kichefuchefu kikukute umelala.

Sasa sikilizeni hili, kwa sababu ndilo linalowafanya wengi waseme vidonge havikuwasaidia. Zile siku 7 za madini ya chuma hazina homoni. Katika siku hizo estrojeni inashuka, na joto, kichwa na kukosa usingizi vinarudi vilevile. Dawa yake ni kuziruka: maliza 21 vya pakiti ya kwanza, ingia 21 vya pili, kisha vya tatu, jumla siku 63, halafu pumzika siku 4 tu na uanze tena. Damu haijikusanyi tumboni kwa kufanya hivyo. Ukuta wa kizazi unabaki mwembamba, hakuna kilichojengeka cha kutoka. Matone yakija mfululizo siku tatu au nne, na umekwisha meza angalau vidonge 21, pumzika siku 4 uendelee. Mweleze muuguzi mpango huu mapema, maana pakiti tatu zitakwisha kabla ya wiki 12 na ataona umezipoteza.

Ukisahau kimoja, kimeze unapokumbuka hata kama ni viwili kwa siku. Ukisahau viwili au zaidi, meza cha mwisho ulichosahau, endelea na pakiti, kondomu siku 7. Ukitapika ndani ya saa mbili hadi tatu, meza kingine.

Hatua ya 6: Miezi mitatu ya kwanza

Joto hupungua wiki za mwanzo. Hedhi kukaa sawa huchukua muda zaidi. Rudi kupima presha baada ya miezi mitatu, kisha kila mwaka. Matiti kuuma na kichefuchefu kidogo hupita. Haya hayasubiri miadi: mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kukatika, kichwa kikali cha ghafla, macho kuona giza, mdomo kupinda au maneno kushindikana, maumivu makali ya tumbo. Acha vidonge, nenda hospitali saa hiyo, useme unatumia nini. Kabla ya upasuaji mkubwa, vidonge viachwe wiki 4, ukitumia kinga nyingine.

Ukifika miaka 50, kidonge cha homoni mbili kiachwe hata kama unajisikia vizuri. Sindano nayo vivyo hivyo. Hapo unahamia kitanzi, kijiti au kidonge cha homoni moja, na joto likiendelea unazungumza na daktari wa kina mama juu ya homoni za tiba ya ukomo wa hedhi. Hizo zina kiwango kidogo na hazizuii mimba, na mwenye kizazi haruhusiwi kutumia estrojeni pekee: ukuta wa kizazi utanenepa na unaweza kuzaa saratani.

Maswali ya kina mama

*Shikamoo somo. Nina miaka 44, presha 150/95, jasho linanimaliza. Ina maana sina dawa?*

Marahaba mwanangu. Ipo. Kidonge cha homoni mbili ndicho tu kisichokufaa. Presha itibiwe kwanza. Kwa kuzuia mimba na kupunguza damu, kijiti au kitanzi chenye homoni vinakufaa. Kwa jasho lenyewe daktari anaweza kukupa dawa zisizo za homoni, kama venlafaksini au gabapentini, au estrojeni ya kubandika kwenye ngozi (isiwe pekee kama una kizazi) presha ikishatulia. Venlafaksini yaweza kupandisha presha, kwa hiyo mkumbushe. Lala na leso ya pamba badala ya shuka la nailoni.

*Nameza na bado napata damu kila mwezi. Si dalili kwamba hedhi yangu bado haijakoma?*

Hapana, dada. Ile damu ya wiki ya madini ya chuma inaletwa na kidonge. Hata aliyekwisha koma angeiona. Wala kipimo cha FSH (homoni ya ubongo inayoiamsha ovari) hakisemi kweli ukiwa kwenye kidonge cha homoni mbili. Ukifika 50 hamia njia ya homoni moja. Kwenye njia hiyo, FSH ikizidi 30, unaendelea na kinga mwaka mmoja kisha unaacha. Asiyependa vipimo aendelee hadi 55. Asiyetumia homoni yoyote huhesabu miezi 12 bila damu akiwa amepita 50, au 24 akiwa chini yake.

*Ramadhani nifanyeje? Nameza saa saba mchana.*

Sogeza wiki moja kabla: meza baada ya futari, kila siku. Ukikichelewesha saa chache siku ya kubadili, hakuna madhara. Kuunganisha pakiti ili damu isije mwezi mzima, kitabibu hakuna tatizo. Matone yakitoka na hujui ni hedhi au istihadha, hilo muulize mwanachuoni unayemwamini, ukimweleza kwamba unatumia dawa.

*Nina miaka 49, nachoma sindano tangu 38, sijaona damu miaka. Nitajuaje nimekoma?*

Kwa sindano huwezi kujua, kwa sababu yenyewe ndiyo inayoikata damu. Usichome tena ukifika 50. Weka kijiti au kitanzi tarehe sindano inapokwisha, usiache pengo. Mwambie daktari kuhusu miaka yote hiyo 11, hasa kama umewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu; dagaa na maziwa viwe vya kila siku.

*Damu siku 10, nabadilisha kitambaa kila saa, nimekuwa mweupe. Nianze vidonge leo?*

La, mama. Leo nenda hospitali. Ukiwa Tanga mjini, hospitali ya Bombo ipo. Kulowesha kitambaa kila saa kwa saa mbili mfululizo ni dharura. Watapima wingi wa damu (chini ya 12 ni upungufu), mimba, na watapiga ultrasaundi kuangalia uvimbe kwenye kizazi. Ukiwa umepita 45 wanaweza kuchukua kipande cha ukuta wa kizazi, kubali. Madini ya chuma ya kwenye pakiti ya majira ni kidogo mno kukurudishia damu, utahitaji dozi ya matibabu. Usiende peke yako, na chukua kadi zako zote za kliniki.