Chupa janja inahesabu maji kweli? Ipime kwa mzani kabla hujaiamini

Chupa janja haijui umekunywa nini. Inachojua ni kwamba maji yaliyokuwamo yamepungua, na hesabu hiyo inaituma kwenye simu kwa Bluetooth. Ukinawa nayo mikono kabla ya kula embe pale Soko la Kilombero, Arusha, inaandika umekunywa. Ukimaliza vikombe viwili vya chai na bakuli la mtori, haina habari.

Mwaka 2014 kampuni ya Mark One ya San Francisco ilitangaza kikombe kiitwacho Vessyl, kitakachotambua chenyewe kama umemimina soda, kahawa au bia. Kilichokuja kutoka mwaka uliofuata, Pryme Vessyl, kilifuatilia maji tu. Kwa hiyo muuzaji akikwambia chupa yake inatofautisha chai na maji, mwombe amimine vyote viwili mbele yako.

Zilizopo madukani zinapima kwa njia mbili hasa. Nyingine zina kihisi cha uzito kwenye kitako. Hizi zinasoma vizuri chupa ikiwa imesimama wima na imetulia. Nyingine zina kijiti cha kihisi kinachozama ndani ya maji na kusoma kina. Hiki hudanganywa na utando: ukiweka maziwa au juisi ya miwa, ule ute unaobaki kwenye kijiti unasomeka kama maji bado yapo.

Kuijaribu unahitaji mzani wa kidijitali wa jikoni unaosoma gramu moja moja, jagi na daftari. Gramu 1 ya maji ni sawa na mililita 1, basi hesabu imekwisha hapo. Weka chupa kwenye meza tambarare, kisha fuata maelekezo yake ya kuipanga: kwa kawaida inataka isome ikiwa tupu, halafu ikiwa imejaa maji ya kawaida, si ya moto wala ya barafu. Weka jagi juu ya mzani na ubonyeze sifuri. Mimina gramu 200 kutoka kwenye chupa, irudishe mezani, subiri dakika mbili, andika simu imesema ngapi. Rudia kwa 100, kisha 50. Malizia na mara tano za gramu 20, maana funda dogo la mtu mzima ni kama hizo, na hapo ndipo uongo unapojificha: kihisi kilichopangwa kupuuza mitikisiko midogo kinapuuza na funda dogo pia.

Jumla umemimina 450. Simu ikisema kati ya 428 na 472, kosa halizidi asilimia 5, baki nayo. Ikisema 380, irudishe dukani.

Bado majaribio mawili. Chupa ikiwa nusu, ongeza gramu 150 bila kuijaza mpaka juu, uone kama inaelewa umeongeza au inavuruga hesabu ya asubuhi. Kisha ifunge kwenye begi, panda daladala kutoka Kilombero hadi Tengeru bila kuigusa. Ukishuka ukakuta "umekunywa" nusu lita, hiyo chupa ni ya mezani, si ya mtu wa safari.

Ukishaipata inayosema kweli, usikubali lengo la kunywa kwa siku lililowekwa kiwandani. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya inataja lita 2 kwa siku kwa mwanamke na 2.5 kwa mwanamume, lakini humo mmehesabiwa hata maji yaliyomo kwenye chakula, kama asilimia 20 hivi. Chukua mwanamume wa Moshi wa kazi ya kukaa: 2.5 toa chakula inabaki lita 2. Anakunywa chai vikombe vitatu vya mililita 250, ni 750. Kinachobaki kwa chupa ni mililita 1,250, na hilo ndilo lengo la kuandika kwenye programu. Akishinda shambani juani, aongeze. Mama anayenyonyesha vilevile. Rangi ya mkojo ni kipimo cha bure: njano ya mbali ni sawa, ya kahawia kama chai ya rangi umechelewa.

Kwa watu wa Arusha na Arumeru, wingi wa maji si hesabu pekee. Miamba ya volkano ya Meru inaachia floraidi kwenye visima na chemchemi nyingi, na meno ya kahawia ya watoto ndiyo ushahidi wake. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Ukiwa na kisima chenye miligramu 4, na chupa inakuhimiza kwa kengele umalize lita 3, umemeza miligramu 12 kwa siku. Chupa zenye taa ya UV kwenye kifuniko haziondoi kitu hapo: taa inaua vijidudu, tena kwenye maji meupe tu, kwa sababu tope linaizuia kupenya. Kuchemsha nako hakusaidii. Mvuke unaondoka, floraidi inabaki sufuriani na kukolea. Kinachoipunguza ni chujio la mkaa wa mifupa, kazi iliyofanyiwa utafiti pale Ngurdoto, na mkaa huo huchoka, hivyo maji yapimwe tena baada ya muda. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, nunua chujio.

Mlimani iache nyumbani. Wanaopanda Kilimanjaro huambiwa wanywe lita 3 hadi 4 kwa siku, lakini usiku wa kutoka kambi ya Barafu, mita 4,600 na zaidi, betri ya lithiamu inaishiwa nguvu kwa baridi na mrija unaganda. Beba chupa ya kawaida yenye mdomo mpana, uifunge kwa soksi na kuilaza kichwa chini ndani ya begi: barafu huanza juu, na juu sasa ni kwenye kitako, mdomo unabaki wazi.

Usafi wake ni mfupi: kitako chenye kihisi usikizamishe kwenye beseni, ringi ya mpira ya kifuniko itoe kila wiki uisugue, maana ukungu unaanzia hapo. Chai ya moto usiitie.

Anayefaidika nayo kweli ni mwenye historia ya mawe kwenye figo, ambaye hutakiwa kunywa mpaka mkojo ufike kama lita 2.5 kwa siku, na aliye kazini mpaka anasahau. Wengine, chupa ya lita moja na nusu na maka peni vinatosha: ipime kwa mzani, chora mstari kila gramu 250.

Aliyewekewa kikomo cha kunywa, wa moyo au wa figo, asiitegemee kabisa, kwa kuwa haioni uji wala supu. Kwake jagi ni bora. Asubuhi mimina humo kiasi alichopangiwa na daktari, tuseme lita 1, na yote anywee humo. Akipewa kikombe cha chai cha mililita 200, kabla hajakinywa mwaga 200 kutoka kwenye jagi. Jagi likiisha, siku imeisha. Uji, supu na vipande vya barafu vimwagiwe vivyo hivyo.