Pikipiki ya safari uliyonunua Uingereza ikianza kulia, andika kwanza, spana baadaye

Kwetu pikipiki ikianza kulia, unaisukuma hadi kwa fundi saa hiyohiyo. Anaifungua palepale, anakuonyesha spea iliyokufa, mnapatana bei, na jioni uko barabarani. Ni utaratibu mzuri sana ukiwa Morogoro au Nakuru. Uingereza utaratibu huohuo unaweza kukukosesha haki ya kurudishiwa maelfu ya pauni, na inaniuma kuona ndugu zetu wakipoteza hela walizozihangaikia kwa zamu za usiku kwa sababu tu walimwahi fundi kabla ya kumwandikia muuzaji.

Nazungumzia pikipiki kubwa za safari ndefu: Honda Pan European, Yamaha FJR1300, BMW R1200RT na za aina hiyo. Zina kioo cha kukata upepo, masanduku ya mizigo, na kiti ambacho mwenzako anaweza kukikalia hadi Scotland bila kulalamika. Zikishatumika bei yake hushuka sana, ndiyo maana zinatuvuta.

Leseni niipitie haraka. Leseni kamili ya Kenya, Tanzania au Uganda yenye daraja la pikipiki inakuruhusu kuendesha kwa miezi 12 tangu uanze kuishi huku. Baada ya hapo lazima ufanye mitihani ya hapa, na ukiendesha bila hivyo bima yako haina maana.

Kabla hujatoa hata pauni moja, ingiza namba ya pikipiki kwenye tovuti ya GOV.UK. Historia ya MOT, yaani ukaguzi wa lazima wa usalama wa chombo, inaonekana bure: maili zilizosomwa kila mwaka, ilikofeli, na mambo ambayo mkaguzi alitahadharisha tu. Kama mwaka juzi ilikuwa na maili 41,000 na leo mita inasoma 36,000, ondoka. Hapohapo unaweza kuangalia kama aina hiyo iliwahi kuitwa na kiwanda kurekebishwa. Mwaka 2015, kwa mfano, BMW iliziita R1200 nyingi kwa sababu ya flenji ya tairi la nyuma (chuma kinachofungiwa tairi) iliyoweza kupata ufa, na marekebisho ya namna hiyo hayalipiwi. Lipia pia ukaguzi wa deni, maana pikipiki inayodaiwa na kampuni ya mkopo inaweza kukuletea kesi isiyo yako. Na ile karatasi ya usajili, V5C, inamtaja mtunzaji wa chombo, haithibitishi mwenye mali. Dai pia risiti ya ununuzi.

Sasa tuje kwenye chuma. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha shika injini kwa mkono. Ikiwa ya moto, kuna kitu alitaka usikisikie kwenye mwasho wa baridi. Nenda na mita ya umeme ya bei ndogo: betri iliyopumzika isome karibu volti 12.6, na injini ikizungushwa mizunguko elfu tatu au nne isome karibu 14. Ikibaki chini ya 13, chaji haifanyi kazi. Ikipita 15, reguleta (kidhibiti cha chaji) imekufa na itaiua betri.

Kwa BMW R1200RT na R1200GS za takriban 2005 hadi 2009, tumia muda wako mwingi nyuma. Hazina cheni. Nguvu inapita kwenye shafti hadi difu, yaani gia za nyuma zinazozungusha tairi, na beringi kubwa ya difu hiyo ndiyo ugonjwa wao unaojulikana. Ipandishe kwenye stendi kubwa, weka gia huru, shika tairi la nyuma kwa mikono miwili, mmoja juu mmoja chini, kisha vuta na kusukuma. Ukisikia linacheza, hata kidogo tu, beringi inakufa. Lizungushe taratibu: litembee laini, bila kukwaruza. Pitisha kidole ndani ya rimu upande wa difu. Ukikuta utando wa mafuta uliochanganyika na vumbi, sili (mpira unaozuia mafuta yasitoke) imeanza kuvuja, na mara nyingi sili huharibika kwa sababu beringi imeshaanza kuyumba. Dalili hizi zinaweza kujificha pikipiki ikiwa imesimama siku nyingi, halafu zikajitokeza baada ya maili mia mbili za barabara kuu: mlio wa kunguruma unaopanda na mwendo, na mkia unaoteleza kwenye kona.

Hapo ndipo mwongozo huu unapoanzia hasa. Simama. Usiendelee kuiendesha, kwanza kwa ajili ya uhai wako, maana difu ikifa kabisa tairi la nyuma linaweza kukamata ukiwa kasi, na pili kwa sababu kila maili unayoongeza inampa muuzaji la kusema. Piga picha mita ya maili, rekodi video ya mlio na ya tairi linavyocheza. Usimruhusu mtu afungue difu. Rafiki yako fundi, hata awe hodari vipi, akishatoa beringi ile, ushahidi umekwenda, na muuzaji atasema ninyi ndio mlioiharibu.

Kinachofuata kinategemea uliyemlipa. Ukinunua kwa mfanyabiashara, unalindwa na sheria iitwayo Consumer Rights Act ya 2015. Chombo lazima kiwe na ubora unaoridhisha kulingana na umri na bei yake, na kilingane na maelezo yaliyotolewa. Ndani ya siku 30 unaweza kukikataa na kurudishiwa hela yote, ila wewe ndiye wa kuonyesha kwamba ubovu ulikuwepo, ndiyo maana ripoti ya mkaguzi asiye na upande ina thamani kuliko matengenezo ya haraka. Ukikubali wajaribu kutengeneza, hesabu ya siku hizo inasimama mpaka ukabidhiwe tena. Siku 30 zikipita lakini miezi sita haijaisha, ubovu ukijitokeza huchukuliwa kuwa ulikuwepo tangu mwanzo hadi muuzaji athibitishe vinginevyo. Ana nafasi moja ya kutengeneza. Akishindwa, unaweza kuikataa, ingawa ataruhusiwa kukata kiasi cha matumizi. Maneno “imeuzwa kama ilivyo” kwenye risiti ya mfanyabiashara hayafuti chochote kati ya haya.

Barua yenyewe inatutatiza sisi kwa sababu ya malezi yetu. Tunaandika samahani kwa usumbufu, tunaomba atusaidie kuliangalia, tunamwachia nafasi ya kujifikiria. Heshima ibaki, lakini uamuzi uwe wazi: tarehe uliyonunua, namba ya usajili, maili za leo, ubovu wenyewe, kwamba unaikataa pikipiki na unataka hela yako yote, na siku 14 za kujibu. Tuma kwa barua pepe. Akikupigia simu na kuongea vizuri, sawa, msikilize, kisha mwandikie yale mliyozungumza siku hiyohiyo.

Kama ulilipa kwa kadi ya mkopo, hata sehemu tu ya bei, na pikipiki iligharimu zaidi ya pauni 100 na isiyozidi 30,000, kampuni ya kadi inabeba wajibu pamoja na muuzaji chini ya kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya 1974. Kwa hiyo usikubali kirahisi ombi la kulipa taslimu “ili tupunguze bei”.

Ukinunua kwa mtu binafsi, ulinzi ni mwembamba. Unaweza kumdai tu ikiwa alidanganya, au pikipiki hailingani na alivyoieleza, au hakuwa na haki ya kuiuza. Hifadhi tangazo lake kwa picha kabla hajalifuta: akiandika “difu imebadilishwa” na haijabadilishwa, unayo kesi. Chunguza pia kama kweli ni mtu binafsi. Namba yake ya simu ikionekana kwenye matangazo ya pikipiki nyingine nne, na jina lake halimo kwenye V5C, huyo ni mfanyabiashara aliyejificha, na sheria ya 2015 inamhusu. England na Wales madai hadi pauni 10,000 huenda kwenye utaratibu wa madai madogo, ambao hauhitaji wakili. Scotland kikomo ni 5,000. Citizens Advice, shirika la kutoa ushauri, watakuelekeza bure.

Ikiwa huna wa kumdai, sasa ndiyo zamu ya spana. Uliza bei mbili: beringi na sili mpya kwa fundi anayezijua BMW, au difu nzima ya mtumba kutoka kwa wauza spea za pikipiki zilizobomolewa, ukijua kwamba hiyo nayo inaweza kuwa na ugonjwa uleule. Oili inayotoka ichujwe kwenye karatasi nyeupe. Unga laini unaong'aa ni wa kawaida, chenga unazoweza kuzishika kwa kucha si za kawaida. Ikishafungwa, badilisha tena oili hiyo baada ya maili mia chache na uitazame vilevile kabla hujapakia masanduku.