Jinsi ya Kupiga Hesabu ya Ndege ya Viti Tisa Inayolipiwa Ruzuku

Asubuhi yangu ya kwanza kwenye kaunta ya kiwanja kidogo magharibi mwa Illinois, ndege ya viti tisa iliondoka saa kumi na mbili kamili ikiwa na marubani tu. Nilitoka Mwanza, ambako nilikuwa nikikata tiketi za ndege ndogo za kwenda Bukoba, na kwa uzoefu wangu ndege ikikosa watu safari huahirishwa. Nikamfuata mkuu wa kituo kumuuliza kama kuna kosa limefanyika. Akanijibu: "Ikitua St. Louis, tumelipwa."

Jibu hilo ndilo mlango wa hesabu yote. Nawaandikia wenzangu mnaoishi miji midogo ya Marekani, mnaosomea usafiri wa anga, au mliowekwa kwenye kamati ya kiwanja kama nilivyowekwa mimi baadaye. Zabuni za kampuni za ndege zinazoomba ruzuku ya serikali ni nyaraka za wazi. Ukishika kalamu unaweza kuzisoma mwenyewe.

Kwanza ujue fedha inatoka wapi. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoziachia kampuni za ndege uhuru wa kuchagua njia na nauli. Kongresi iliona kwamba miji midogo ingetelekezwa, ikaweka mpango wa Essential Air Service, yaani ruzuku ya serikali kwa ndege zinazohudumia miji midogo, kwa miaka 10. Ukaongezewa muda, na mwaka 1996 ukomo wake ukaondolewa. Sehemu ya fedha hutokana na ada za ndege zinazopita anga la Marekani bila kutua. Ndege inayotoka Kanada kwenda Meksiko, ikipita juu tu ya mashamba ya mahindi, inachangia safari ya mkulima aliye chini yake. Mimi hilo nalipenda sana.

Sasa hesabu. Usianze na abiria. Anza na mruko mmoja, yaani kuruka na kutua mara moja, kwa sababu wizara ya uchukuzi hulipa kwa mruko uliokamilika. Namba zifuatazo ni za mfano, nimezichagua ziwe rahisi kukokotoa. Tuseme gharama zote za mruko ni dola 1,500: mafuta, matengenezo, mishahara ya marubani, malipo ya kukodi ndege, bima, na sisi wa kaunta. Ongeza faida, ambayo kwa kawaida hukadiriwa asilimia 5 ya gharama, yaani dola 75. Jumla 1,575. Kisha toa nauli. Abiria wanne kwa dola 60 ni 240. Zinabaki dola 1,335, na hiyo ndiyo ruzuku ya mruko mmoja. Kwenda na kurudi mara mbili kwa siku, siku sita kwa wiki, ni miruko 1,248 kwa mwaka. Ikikamilika 1,210, serikali inalipa dola 1,615,350.

Kiwango hicho hakibadiliki katikati ya mkataba, ambao mara nyingi ni wa miaka miwili. Kampuni ikipata abiria wengi kuliko iliokadiria, ziada ni yake. Wakipungua, hasara ni yake. Kwa hiyo kwenye zabuni kagua kwa makini sana makadirio ya abiria. Anayekadiria wengi mno anaomba ruzuku ndogo ili apewe kazi, na mwaka wa pili atalemewa.

Hapa ndipo watu wengi hupotea, nami nilipotea. Kampuni hulipwa kwa miruko, lakini mji, ili ubaki kwenye mpango, hupimwa kwa vichwa. Kwa miaka mingi mji ulio chini ya maili 210 kutoka kiwanja kikubwa au cha kati ulitakiwa usizidishe ruzuku ya dola 200 kwa abiria, na tangu sheria ya 2012 ulio ndani ya maili 175 utimize wastani wa watu 10 wanaopanda kila siku ya huduma. Wizara husamehe mara nyingi, na Kongresi hubadili viwango, kwa hiyo shika vile vilivyo kwenye tangazo lenu la zabuni. Mbinu ya kukokotoa ni ile ile.

Rudi kwenye mfano wetu. Ndege mbili zinaondoka mjini kwa siku, kila moja na watu wanne: wanane. Mji umeanguka. Ruzuku kwa kichwa ni 1,335 kugawanya kwa 4, karibu dola 334. Umeanguka tena. Wakiwa watano mtihani wa watu 10 umepita, lakini 1,275 kwa 5 ni dola 255. Wakiwa sita, 1,215 kwa 6 ni dola 202 na senti 50, bado umepitiliza. Nilipiga hesabu hii usiku, mezani jikoni, nikairudia mara tatu. Kisha nikajaribu kushusha nauli: dola 45, abiria saba. 1,575 kutoa 315 ni 1,260, na kwa 7 ni dola 180. Mji umepona kwa nauli ya chini, mradi watu waje kweli. Na saba kati ya tisa si kazi ndogo. Siku ya joto kali, tangi likiwa limejaa, ndege ndogo ya pistoni haibebi watu tisa na mizigo yao. Ndiyo maana tunawapima abiria kwenye mizani. Uliza viti vinavyouzika Julai ni vingapi.

Kwa nini viti tisa na si kumi na tisa? Marubani. Baada ya ajali ya Februari 2009 karibu na Buffalo, Kongresi ilipitisha sheria, na tangu 2013 hata rubani msaidizi wa ndege kubwa za ratiba anahitaji, kwa kawaida, saa 1,500 angani. Ndege za viti tisa au pungufu zina kanuni zake, nyepesi zaidi kwa rubani msaidizi. Great Lakes Airlines iling'oa viti kumi kwenye baadhi ya ndege zake za viti 19 ili iangukie huko, na Machi 2018 ikasimamisha safari. Machi 2022 SkyWest, yenye ndege za viti 50, ilitoa notisi ya kuondoka miji 29 kwa upungufu wa marubani. Kampuni inayotaka kuondoka hutoa notisi kwanza, na wizara inaweza kuizuia mpaka mbadala apatikane. Huo ni ulinzi, lakini anayekuhudumia huku amezuiliwa hana moyo wa kutangaza biashara.

Mshindani wenu mkuu ni barabara. Kutoka kwetu hadi kiwanja cha St. Louis ni kama saa mbili kwa gari. Nilikuwa na abiria mmoja, mama mtu mzima, aliyekwenda kliniki Houston kila baada ya wiki sita. Siku moja ndege iliharibika na ya akiba haikuwepo. Kampuni niliyoitumikia ikampa fedha zake za nauli, nauli ya dola hamsini na kitu, na miadi yake ikapotea. Mwanawe alimwendesha safari iliyofuata. Sikumwona tena kaunta. Kila safari tuliyoifuta ilikula ruzuku ya siku ile pamoja na nauli za miezi iliyofuata, huku bima, malipo ya kukodi ndege na mishahara yakidai kama kawaida.

Kwa hiyo mkiwaita waombaji wa zabuni, waulizeni asilimia ya miruko iliyokamilika mwezi kwa mwezi, Januari peke yake na Februari peke yake. Wastani wa mwaka huficha barafu. Ulizeni kama abiria atanunua tiketi moja hadi Dallas na sanduku lake lifike huko, kwa sababu mtu wa kuchukua sanduku na kupanga foleni upya ataona heri gari lake. Maoni ya mji ni miongoni mwa vigezo ambavyo wizara huvitazama kisheria, basi andikeni barua kabla ya tarehe ya mwisho, na mtaje namba.

Na ulizeni ndege ya akiba inalala wapi. Kwenye mkutano wetu mkulima mmoja wa soya aliuliza hilo. Mwombaji wa kwanza alitaja kiwanja na idadi ya dakika za kufika. Wa pili alifungua makabrasha yake, akayapekua kwa muda mrefu, akasema atatuletea jibu kwa barua pepe.