Jinsi ya kutembea Mji wa Kale Mombasa bila kuishia Fort Jesus tu

Wageni wengi wakikuambia washaona Mji wa Kale, ukiwauliza vizuri utakuta waliingia Fort Jesus, ile ngome ya zamani, wakapiga picha na mizinga, wakapanda tuktuk kwenda Lighthouse kule ufukweni kula mihogo, basi. Binamu yangu kutoka Nakuru alifanya hivo hivo mara yake ya kwanza na iliniuma sana, manake mji wenyewe unaanza pale pale nje ya geti la Fort na kuuingia hakuna tiketi, ni miguu yako tu. Kwa hivo leo nawaeleza vile mimi huwatembeza watu wangu wakija.

Anza mapema, saa moja na nusu asubuhi uwe ushafika. Jua la Mombasa kuanzia saa tano si la kutembelea, na kama asubuhi huiwezi basi subiri mpaka baada ya alasiri. Pitia mtaa wa Kibokoni kwanza utafute mahamri na mbaazi za nazi, ule ushibe, alafu ndo uende Fort ikifunguliwa saa mbili. Vaa viatu vya kutembea na nguo za heshima, yani magoti na mabega yafunikwe, na dada zangu bebeni leso au mtandio. Ikiwa ni Ramadhani usile wala kunywa njiani mchana, lakini baada ya magharibi toka uone, mtaa wote unachangamka.

Fort yenyewe usiipite mbio. Wareno waliijenga kuanzia 1593 hadi 1596, aliyeichora ni Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, na ukiitazama kwa juu imekaa kama mtu amelala kichwa amekielekeza baharini. Waomani waliizingira kuanzia 1696 wakaichukua 1698, fikiria watu wamefungiwa humo ndani karibu miaka mitatu, njaa na maradhi. Meli moja iliyokuja kuwaokoa, Santo António de Tanná, ilizama hapo chini 1697 na vitu vilivyopatikana ndani yake viko kwenye makumbusho, vitafute. Tafuta pia michoro ya meli ambayo mabaharia wa Kireno waliichora ukutani. Waingereza nao wakaigeuza jela kuanzia 1895 mpaka 1958. Beba kitambulisho, bei ya mwananchi na ya mgeni si moja. Nje utakutana na maguidi, wengine wanaujua mji vizuri sana, ila kubalianeni bei kabla hamjapiga hatua hata moja.

Ukitoka shika barabara ya Mbarak Hinawy, hio inayoanzia karibu na Fort. Hapa ndo naomba upunguze mwendo. Utapita Msikiti wa Mandhry, wa tangu 1570 na bado watu wanaswali humo mpaka leo, mnara wake mweupe umechongoka juu. Kama wewe si Muislamu utazame kwa nje, na ukitaka kuingia uliza kwanza.

Sasa angalia nyumba. Hizi kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake boriti za mikoko, na vichochoro vimebanwa vile makusudi ili nyumba moja iipe nyingine kivuli, we mwenyewe utasikia ubaridi ukiingia. Juu kuna roshani za mbao, fundi amezitoboa nakshi ili walio ndani waone njia bila kuonekana. Kwenye milango simama kabisa, angalia fremu, angalia ule mti wa katikati unaoitwa mfaa, mingine ina maandishi ya Kiarabu juu yake. Na tafadhali, mtu akikuletea kipande cha mlango wa zamani akakuambia akuuzie usinunue, kila kinachonunuliwa kimeng'olewa kwa nyumba ya mtu na hakirudi tena.

Kuhusu picha: kuta piga, watu uliza. Hizo baraza unazoziona nje ni sebule za watu, mzee amekaa na kahawa yake we unamuelekezea kamera usoni bila hata salamu, haipendezi. Sema salamaleko, au shikamoo kwa mkubwa, subiri akujibu. Mimi nimepata hadithi za mtaa kwa njia hio ambazo guidi yeyote hakuwahi kuniambia, mzee anaanza kwa kuuliza umetoka wapi na nusu saa baadaye anakuonyesha nyumba aliyozaliwa.

Endelea mpaka bandari ya kale, majahazi bado yanatia nanga hapo japo si mengi kama zamani, meli kubwa siku hizi huenda bandari ya Kilindini. Sehemu hio uliza kabla hujatoa simu. Mbele kidogo kuna Leven House, imepewa jina la meli ya Kiingereza iliyokuja 1824, na pembeni yake ngazi za kushuka mpaka kwenye maji. Kaa hapo kidogo, upepo wake ni mtamu sana.

Kurudi pita Ndia Kuu. Ndia ni njia kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, na kweli ndo ilikuwa njia kubwa ya mji. Ramani ya simu huku inachanganyikiwa kwenye vichochoro kwa hivo uliza watu, watoto wa mtaa wanajua kila kona.

Ikiwa ni jioni tafuta muuza kahawa na dele lake, yani birika la kahawa, kahawa chungu na kashata au halua, alafu viazi vya karai na mishkaki vikianza kutoka. Kabla hujaondoka Mombasa pitia soko la Marikiti uchukue iliki na bizari za nyumbani, ni karibu tu, unatembea kwa miguu, na nenda mchana kabla wauzaji hawajaanza kufunga.